Taya Langu la Kiwandani

Miaka ile ya wakimbizi, hakuna aliyewachambua kwa ufasaha kuliko mimi, mwalimu wa shule ya msingi Ujiji. Kila mapumziko ya chai nilihutubia ofisi ya walimu: wao wanagawiwa unga, sisi tunanunua, wao wana hospitali yenye vifaa, sisi tuna hospitali yenye mabango. Wenzangu walinisikiliza kwa utulivu, kwa sababu chai ilikuwa bado ya moto.

Kisha taya langu la kushoto likavimba. Mganga wa zahanati, mtaalamu hodari, akanishauri niache sukari. Niliacha, uvimbe haukuniacha. Picha ya eksirei ilionyesha shimo ndani ya mfupa, chini ya magego, kubwa kama yai la njiwa. Uvimbe wa maji, wakasema, unakula mfupa taratibu. Na daktari bingwa wa kuutoa yuko wapi? Kambini kwa wakimbizi, bila shaka. Kwa wale wale niliokuwa nikiwachambua.

Nilikwenda nimejitanda khanga hadi puani. Daktari, mgeni mpole mwenye Kiswahili cha vitabuni, akanionyesha kichupa cha chembe nyeupe, mithili ya chumvi ya mawe.

"Nitatoa uvimbe, halafu nitajaza hizi. Mfupa wako utaota katikati yake."

Mama yangu, aliyenisindikiza, akadakia: "Ni mfupa wa nani huo? Wa marehemu? Au wa nguruwe?"

"Si wa mtu wala mnyama, mama. Umetengenezwa kiwandani."

"Alhamdulillahi. Basi zikibaki, mzibie na mdomo."

Nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, kwenye kitanda cha jirani alilala mama wa Kirundi, fundi cherehani, ambaye taya lake lilivunjwa na risasi. Pengo lake lilikuwa kubwa mno kwa chembe, hivyo walimkatia kipande cha mfupa wa nyonga. Alitembea akichechemea. Na huyo mchechemeaji ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko siku tatu, wakati mama amesharudi nyumbani na ndugu zangu wakihangaikia kibali cha kuingia kambini.

"Mwalimu, una bahati," aliniambia. "Mfupa wako umekuja kwa ndege. Wangu umepanda kwa miguu kutoka kiunoni."

Nilicheka, nyuzi zikavuta, machozi yakanitoka.

"Huko Ujiji wanatusemaje?" akauliza.

"Vizuri tu," nikajibu. Uso uliovimba una faida zake, hauonyeshi aibu.

Baada ya miezi kadhaa, eksirei ilionyesha shimo limejaa mfupa. Nilirudi kambini na migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, nimtafute yule fundi cherehani. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na watu wengine.

"Amerudishwa kwao wiki iliyopita," alisema bibi wa jirani. "Hakujua utakuja."

Wala mimi sikuwa nimemwambia. Bibi akapokea samaki, akawanusa.

"Wamekauka vizuri. Kaa tule."

Nikakaa.