Karatasi Kando ya Kioo cha Kinyozi

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba, vitabu na mdogo wake mmoja, kinyozi. Kwa miaka ishirini na miwili shemeji yangu huyo amenyoa vichwa mtaani kwetu bila kumkata mtu sikio, na uso wake mwenyewe ndio uliokuwa bango lake: laini, unang'aa kama bilauri iliyofutwa.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya utumbo. Wiki ya pili ya dawa vipele vikamtoka puani, mashavuni na kifuani, vyekundu, vyenye usaha, vinavyowasha kama upupu. Naye kwa mazoea ya kazi akajipaka spiriti, ile anayowapaka wateja baada ya kuwanyoa. Mganga hajigangi: kulipokucha ngozi ilikuwa imepasuka, inachuruzika maji.

Wateja waliona. Benchi likaanza kupwaya. Hata fundi viatu wa mlango wa pili, mtani wake wa siku zote, alinyoa kwingine akarudi amevaa kofia.

"Vua tuone walichokufanyia huko," shemeji akamwambia.

"Nina mafua."

"Mafua ya nywele?"

Nilicheka aliponisimulia. Yeye hakucheka.

"Shemeji, wanasema wembe wangu una ugonjwa. Kinyozi akishasemwa hivyo, kiti chake kinabaki cha nzi."

Nilimshauri afunge duka mpaka uso utakate. Katika ukoo wetu maradhi hayaanikwi kama nguo. Yeye alikwenda kliniki, na huko muuguzi akamjia juu: "Spiriti, baba? Hivi unajipenda kweli?" Akapewa vidonge na krimu ya kutuliza, akaamriwa apake mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na jioni, avae kofia pana juani, na asithubutu kuacha dawa ya saratani bila kuuliza. Kabla ya kuondoka alimwomba daktari amwandikie mistari mitatu: vipele hivi vinatokana na dawa, haviambukizi, mgonjwa anaruhusiwa kufanya kazi.

Karatasi hiyo akaibandika dukani kando ya kioo, katikati ya picha za mitindo ya nywele.

"Karatasi ya hospitali ukutani!" nikasema. "Na jina la ukoo je?"

"Shemeji, kusemwa tunasemwa tayari. Bora tusemwe kwa ukweli."

Wa kwanza kuisoma alikuwa fundi viatu. Aliisoma kwa sauti, mara mbili, duka zima likisikia. Kisha akavua kofia. Kisogo chake kilikuwa kama shamba lililopaliliwa na mbuzi. Akakaa kitini.

"Mafua yamepona?" shemeji akauliza.

"Nyoa, bwana!"

Jumamosi iliyofuata nilipita nikahesabu watu saba kwenye benchi. Vipele havijaisha, ila vimefifia, na shemeji hajakosa dozi hata moja. Kijana mmoja aliambiwa kwa kinyozi wa mtaa wa pili kuna kiti kitupu. "Nangoja hapa hapa," akajibu, akakunja nne.

Ile karatasi ilirukiwa na povu la sabuni mpaka wino ukachujuka. Basi nikaketi kwenye meza ya marehemu, nikainakili kwa mwandiko wangu bora, na daktari akaigonga muhuri. Juu kabisa, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani, niliandika jina la ukoo wetu.