Fundi Cherehani na Marafiki wa Kikorea

Yule fundi cherehani wa Dongobesh, hata siku ya mnada humkosi kibarazani kwake. Simu huiegemeza kwenye kopo la vifungo, akatazama tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiswahili: vijana wanne wamepanga chumba kimoja, wanakula tambi sufuria moja na kuapa kwamba siku moja watafungua duka lao. Wakicheka, miguu ya fundi inakanyaga pedali. Wakigombana, cherehani inanyamaza, naye anasugua vidole vyake vyenye ganzi na kusema polepole, "Na sisi tulikuwa hivyo."

Juzi alikuja Rogathe na begi lake. Hao wawili walijifunza kushona pamoja kwa masista, wakapanga tangu usichana kufungua duka Babati, na sasa chumba cha duka kimepatikana huko.

"Twende basi, dada. Gari linajaza."

"Ngoja kwanza hawa waagane."

"Wakorea wenyewe hata hawakujui."

Fundi akacheka bila sauti. "Nenda, Rogathe. Mimi nimechoka kuanza. Gauni lako limebaki pindo tu."

Akaliweka chini ya sindano. Pindo akalikunja pana, kama wanavyoshonewa watoto sare za shule, ili mwakani lifumuliwe na kushushwa.

"Kwani mimi mtoto?" Rogathe akauliza.

"Anayeanza bado anakua," fundi akasema. Alilishona taratibu mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akampa.