Wagiriki Niliowajua Mimi

Naitwa Bupe, mama yake Gwakisa. Shule niliishia darasa la nne, na haya nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zikilala upande, zisomeni hivyo hivyo.

Ninakaa Sterling, huku ng'ambo, kwa mwanangu. Gwakisa analinda moja ya yale majumba makubwa yasiyo na madirisha, ndani mashine tupu za kompyuta. Mkwe wangu Jacqueline ni nesi. Wakitoka asubuhi, nabaki mimi na friji linalounguruma. Nje hakuna pa kwenda kwa miguu. Jirani nampungia mkono, naye ananipungia, mwaka wa tatu huu, na jina lake silijui.

Saa tisa na nusu alasiri basi la shule linamshusha mjukuu wangu Queen. Kuanzia hapo mpaka mama yake arudi, ndipo na mimi nakuwa mtu. Tunakaa mezani jikoni, yeye anakula ndizi nilizokaanga, mimi naongea. Kiingereza chake nakielewa nusu, Kiswahili changu anakielewa nusu, tunatoshana.

Siku moja akaja na kazi ya shule: maisha ya Wagiriki wa zamani. Yuko darasa la tatu. Hata hajafungua kitabu nikamwambia, "Funga hicho. Wagiriki wa zamani nawajua mimi."

"Kweli, Bibi?"

"Nimefanya kazi kwao Iringa, baba yako hajazaliwa."

Na kweli nilifanya. Nilikuwa msichana, shamba la tumbaku la Mgiriki, tunafunga majani kwenye fito na kuyapandisha mabanini, vile vibanda vya kukaushia, yakauke kwa moto. Basi nikamwambia yote. Wagiriki wanaamka alfajiri, kengele yao kipande cha reli. Wanavaa kaptula na kofia pana. Wanakunywa kahawa nyeusi kwenye vikombe vidogo kama vya kuchezea. Wanaendesha Landrova. Nchi yao miinuko, baridi, vumbi jekundu. Mtoto anaandika, ulimi nje. Miezi mingi sijasikilizwa vile.

Kesho yake akashuka basi amevimba kwa hasira.

"Darasa zima wamenicheka! Wameuliza bibi yangu ana miaka elfu mbili na nusu?"

"Hao wameishi na Mgiriki?"

"Bibi, hapana! Zamani. Zamani zamani!"

"Na mimi nasema zamani. Sikukosea."

Akabeba mkoba wake, akapanda juu, akafunga mlango. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Anachukua biskuti kabatini, anapanda. Ndizi zinapoa mezani. Mimi sikumfuata. Nilisema mtoto ndiye atakayeshuka, si mimi nitakayepanda.

Jumapili Gwakisa akaketi karibu yangu na kile kitabu.

"Mama, hawa Wagiriki anaowasoma Queen ndio Wayunani."

"Wayunani gani?"

"Wale wa Paulo."

"Usinitanie, Gwakisa. Wayunani ni watu wa Biblia. Mgiriki ni mwenye shamba."

"Ni hao hao, Mama. Yule wa tumbaku ni mjukuu wa vitukuu vyao."

Akafungua ramani, akanitajia miji: Athene, Korintho, Thesalonike. Hee! Miji ninayoijua tangu kipaimara! Akanisomea. Milima imeikata nchi vipande vipande, kila mji ukajitawala. Udongo haba, wakapanda mizeituni, wakafuga mbuzi, na bahari iko karibu kila upande. Nyumba za matofali ya udongo, ua katikati. Wanaume sokoni, wanabishana mchana kutwa. Kulikuwa na picha ya mwanamke chumba cha ndani, anafuma.

"Huyu hatoki?"

"Wake za wenye uwezo hawakutoka sana."

"Hata kisimani?"

"Anatumwa mtumwa."

Nikamtazama yule mwanamke. "Sasa anaongea na nani?"

Gwakisa akafunga kitabu polepole.

Jumatatu, basi lilipomshusha Queen naye akapanda zake, nikapanda na mimi, ngazi moja moja, goti linalia. Katika maisha yangu sijawahi kumwomba mtoto msamaha. Mama yangu hakuniomba, na mimi sikumwomba Gwakisa. Nikagonga.

"Queen. Nilikosea. Wagiriki wako siwo wale wangu."

Akafungua. "Sawa, Bibi. Lakini Wagiriki tumemaliza."

"Mnasoma nini sasa?"

"Roma."

Neno likanijaa mdomoni. Roma naijua! Paulo alipelekwa kule mfungwa, merikebu ikavunjika njiani. Ningeweza kuongea mpaka magharibi. Nikalimeza.

"Naweza kukaa?"

Akasogeza nguo kitandani, nikapata nafasi ya mtu mmoja. Akavaa vile vidude vya masikioni, akaendelea kuchora barabara ndefu yenye askari. Nikakaa pale, mikono mapajani, mpaka gari la mama yake likaingia.