Kichwa cha Mtani Kwenye Bati

Mjomba wangu, ndugu wa mama, akiamua ugomvi huanza kwa kuwataja waliokuwepo, ili baadaye asitokee mtu akasema alisikia tu. Nami naanza hivyo. Siku ile uani kwetu Mlali tulikuwa sita. Mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyekuwa anatwanga. Mjomba mwenyewe, kwenye kigoda mlangoni. Mtani wetu, mzee wa ukoo ambao watu wake hutuzika na sisi huwazika. Na mke wa mtani, aliyekuja na majivu kwenye ungo.

Katikati yetu lilisimama guta jipya la injini, la magurudumu matatu, bodi ya bati la bluu nyuma. Lilikuwa limefika saa tatu asubuhi. Kiti bado kilikuwa na nailoni ya kiwandani na mdogo wangu alikuwa ameapa kumvunja mkono atakayeitoa.

Niliacha shule darasa la sita. Wazazi wetu walikufa siku moja, juu ya lori la kabichi lililopinduka kwenye kona za mlimani, na mimi nikashuka dawatini nikaingia shambani. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano, wa mwisho hajaachishwa ziwa. Kwa miaka yote iliyofuata mboga zetu zilishuka kwa kichwa changu: karoti, figili, kabichi, tenga moja juu ya shingo moja. Ndiyo maana guta lile nililiita mapumziko. Mdogo wangu aliliita kazi. Alikuwa amerudi kutoka Dakawa, alikofanya kibarua cha mpunga miaka minne, akarudi na kovu la jembe begani na tabia ya kulala akiwa amekunja ngumi.

Mtani aliingia bila hodi.

"Shikamoo, mtani," nilimwambia.

"Shikamoo ya nini, mwizi wewe? Chombo mmeiba wapi?" Akazunguka guta akilinusa. "Mke wangu, huyu dada mtu naye ni mke wangu, lakini ni mwizi. Mwaga majivu!"

Mkewe akamwaga majivu kwenye tangi, kwenye kiti, kwenye taa. Mtani akafunga ukamba wa mgomba kwenye usukani. "Nimekishika. Hakitoki hapa mpaka kikombolewe kwa jogoo. Jogoo mnene, siyo kama huyu mjomba wenu."

Mjomba akacheka hadi akakohoa. Mimi jogoo nilikuwa nimeshamfunga nyuma ya jiko tangu asubuhi, kwa sababu nilijua atakuja. Kitu kipya kikiingia kwetu, mtani hukishika. Kisipochafuliwa na mtani tunakiogopa. Lakini mdogo wangu sikumwambia. Nilidhani anajua. Nilimwona anafuta majivu kwenye nailoni kwa kiganja, polepole, na shingo imevimba, nikadhani anatania naye.

Kisha mtani akapanda kwenye bodi, akajilaza chali, akapima upana kwa viwiko vyake.

"Hapana," akasema. "Mama yenu asingeingia humu. Makalio yale! Matairi matatu yote yangelia mama wee."

Nikacheka. Hilo sitalificha. Nilicheka kwa sauti, mikono kiunoni.

Mdogo wangu alimvuta kwa kola ya shati akamshusha chini kama gunia. Alimshika kisogo akamgonga paji la uso kwenye bati la ubavuni. Mlio wake ulikuwa kama ndoo inayoanguka kisimani. Akamgonga mara ya pili. Mzee hakupiga kelele, alisema tu "Aa, aa," kama mtu anayekataa kuongezewa ugali. Pigo la tatu lilikuwa ngumi ya sikioni, la nne ya mdomoni, na jino likatoka na damu likadondokea kwenye majivu.

Mke wake alikuwa anampiga mdogo wangu mgongoni kwa ungo, ungo ukapasuka, akaendelea kwa fremu. Mjomba alikuwa anapaza sauti akiita jina la ukoo wetu. Mimi nilichukua mchi mikononi mwa mdogo wetu wa kike. Sikumwambia mdogo wangu aache. Nilipiga mkono ulioshika kisogo cha mzee, kwa nguvu zangu zote za kubeba matenga, na nikasikia mfupa ukiitika.

Mdogo wangu alikaa chini akishika mkono, akinitazama mimi, siyo mzee.

Nieleze mtani ni nani kwetu, maana bila hilo kipigo kile ni kipigo tu. Siku ya mazishi ya wazazi wetu, yeye ndiye aliyechimba makaburi yote mawili. La mama lilipokuwa tayari aliruka ndani, akajilaza chali, akapima kwa viwiko, akasema kwa sauti: "Hapana, hataingia! Makalio yale mnayajua!" Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sijalia wala kula kwa siku mbili, na nilicheka mpaka nikaanguka, na nilipoanguka ndipo nilipolia. Mdogo wangu hakuwepo kaburini. Alifungiwa ndani na wanawake. Na mimi katika miaka yote ile nilikataza mama asitajwe nyumbani kwangu, kwa sababu akitajwa walilia, na wakilia nilishindwa kuamka alfajiri. Aliyelia nilimpiga. Kwa hiyo mzaha ule ule, kwa viwiko vile vile, mimi ulinifikia ukiwa umepita kaburini. Yeye alisikia mzee tu akimtukana mama yake.

Kwenye zahanati mtani alishonwa juu ya jicho. Mganga akauliza kama kuna fomu ya polisi.

"Nikamwambie askari nini?" mtani akasema kwa mdomo uliovimba. "Kwamba nimepigwa na mtani wangu? Watanicheka mpaka wafunge kituo. Andika nimeanguka kwenye guta. Kwani siyo kweli?"

Sikio lake la kushoto halikurudi kusikia. Mdogo wangu alifungwa hogo la plasta mkononi. Mganga alimwuliza naye kaanguka wapi, akajibu, "Kwa dada."

Kesho yake mjomba alikwenda na jogoo kwa mtani kuomba msamaha. Alirudi na jogoo. Mtani alikuwa amesema: "Mkosaji aje mwenyewe, hogo likitoka. Mimi sipigani na kilema." Mjomba alitueleza maneno hayo bila kucheka, akaongeza la kwake: "Msiporudiana na hawa watu, siku nikifa mtanizika wenyewe, kimya kimya, kama mnaficha kitu. Na huyu akifa hatapata hata wa kumfunga kidevu."

Guta lilikaa wiki sita chini ya turubai. Mdogo wetu wa kike alikata ukamba wa mtani, akaosha damu. Lililobaki halikuosheka: bati la ubavuni lilikuwa limebonyea, bakuli la ukubwa wa paji la uso, na rangi imepasuka pembeni. Halikuzuia chombo kutembea. Lilikuwa jambo la macho tu. Lakini mdogo wangu alinyanyua turubai kila asubuhi akalitazama, na siku hogo lilipokatwa neno lake la kwanza lilikuwa hilo.

"Dada, twende Kihonda likanyooshwe. Siwezi kwenda kwa yule mzee na kichwa chake ubavuni."

"Na ukienda bila kichwa chake?"

"Nitakuwa na uso."

Nilikubali. Nami nilikuwa na aibu yangu. Wanawake wa sokoni walikuwa wameshaanza kupita kwetu kulichungulia turubai na kuniuliza mtani anaendeleaje, kwa ile sauti ya chini inayosikika mbali.

Fundi wa Kihonda alipitisha kiganja ndani ya bonde lile. "Kazi ya asubuhi moja," alisema. "Nyundo, pati ya kuziba, rangi. Hata aliyeligonga atapita asilijue. Mligonga nini?"

Mdogo wangu akainamia tairi.

"Mtu," nikasema.

Fundi akacheka, akatutazama, akaacha. Akaenda kuchukua nyundo ya mpira, akaona haifai, akachukua ya chuma. Akaingia chini ya bodi na kupiga pigo moja kutoka ndani.

Mlio ulikuwa ule ule. Ndoo na kisima. Mdogo wangu aliruka kama amepigwa yeye, na mimi nikajikuta nimemshika fundi mguu nikimvuta nje. "Acha! Acha, nimesema!"

"Mama, una wazimu?" fundi akasema.

"Dada, mwache afanye!" Mdogo wangu akanisukuma kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kunigusa hivyo. Nikamzaba kofi. Akaupokea mkono wangu wa pili hewani, akaushika, na hakuuachia.

"Unanipiga tena?" alisema. Sauti haikuwa kubwa. "Ulinigonga kichwa kwenye bati la mlango wa jiko nikiwa na miaka tisa, kwa sababu nilikula mbegu za maharage. Bonde lake liko mlangoni mpaka leo, unalitundikia ungo. Nilijifunza wapi kushika mtu kisogo, dada? Dakawa? Dakawa tulipigana kwa majembe. Kisogo ni chako."

Vijana wa gereji walikuwa wamesimama. Hakuna aliyetaka kututenganisha.

"Na siku ile," akasema, "alimtukana mama, wewe ukacheka. Mimi nilimpiga yeye kwa sababu wewe nisingeweza."

Nilikaa kwenye tairi bovu. Nikamsimulia kaburi. Nilisimulia vibaya, kwa sababu sikuwahi kulisimulia: shimo, viwiko, makalio, watu wakicheka, mimi chini. Fundi alisikiliza akiwa bado ameshika nyundo. Mdogo wangu aliuliza swali moja tu.

"Yalikuwa makubwa kweli?"

"Makubwa," nikasema. "Ulikuwa ukibebwa mgongoni unalala juu yake akipalilia."

Alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani yeye pia hakujua. Kisha akamwambia fundi ashushe vifaa, akawasha injini. Fundi alikataa kuchukua hela ya lile pigo moja.

Tulikwenda kwa mtani moja kwa moja, bonde ubavuni, majivu ya zamani bado kwenye mikunjo ya nailoni. Njiani tulimchukua mjomba na jogoo. Mtani alikuwa uani kwake anasuka tenga. Alitega sikio la kulia.

"Shikamoo, babu," mdogo wangu akasema, akapiga magoti.

"Babu ni nani? Mimi ni mtani wako. Simama, unachafua uwanja."

Mjomba akamsogeza jogoo. Mtani akamtazama ndege, akamtazama mjomba. "Jogoo ni wa kukomboa chombo kilichoshikwa kwa utani. Kile hakikuwa utani. Mfungueni aende kwa wake zake."

Akainuka, akalifuata guta. Aliinama taratibu akaweka paji lake ndani ya bonde, kovu likiingia pale pale rangi ilipopasuka. Mkewe akageuka asione.

"Kinaingia," alisema. Kisha akahisi kitu kwa kidole, alama ndogo ya chuma iliyovimba katikati. "Na hapa? Hapa mmenipiga tena?"

"Ni nyundo," nikasema. "Tulitaka kulinyoosha."

"Mnifukie chini ya pati, mnisahau." Akanyanyuka. "Sikilizeni. Chombo nimekishika na ukamba mlikata bila kukikomboa, kwa hiyo bado ni changu. Nawaazima. Bati msilinyooshe. Huyu," akamgusa mdogo wangu kifuani kwa kidole, "ana deni langu la tusi moja. Mimi nilimtania mama yake, yeye hakunijibu. Alipiga. Nijibu. Nina sikio bovu, nina pengo, mke wangu ananuka majivu. Vitu vyote nimekuandalia. Nitukane vizuri watu wacheke, ndipo mkanyooshe bati lenu."

Mdogo wangu alifungua mdomo. Alitazama lile pengo. Alitazama sikio. Mikono yake, ile iliyong'oa jino, aliificha mgongoni.

"Siwezi," akasema.

"Leo huwezi. Nenda."

Nilitaka kumtukania. Nilikuwa na matusi kumi ya kusema, yote mazuri. Mjomba akanifinya mkono mpaka nikanyamaza, na nilijua kwa nini: nilikuwa nimembebea kila kitu tangu akiwa na miaka mitano, pamoja na ngumi zake, na hili tenga halikuwa langu.

Guta sasa lina zaidi ya mwaka. Nailoni imechanika, rangi imechubuka kila upande kwa matenga na mawe ya barabara, na mgeni hawezi kuona kwamba bonde lile ni tofauti na mengine. Fundi wa Kihonda akituona hupunga mkono na kuuliza kama muda umefika. Mlangoni pa jiko nimeutundua ungo. Juzi nilimkuta mdogo wangu amesimama pale, kidole ndani, akiwa anapima kina chake.

Kila siku ya soko tunapita kwa mtani na mzigo. Hutusikia kwa kuchelewa, akageuza shingo yote ili sikio zima lielekee barabarani.

"Umeleta?" hupiga kelele.

Mdogo wangu hupunguza mwendo. Wiki iliyopita alisimamisha kabisa. Akasema, "Mtani, hilo sikio lako…" kisha akashika usukani kwa mikono miwili.

Mzee akasubiri, mkono nyuma ya sikio, akitabasamu na lile pengo.

"Bado," mdogo wangu akasema.

"Basi pita. Lakini ni changu hicho. Nakuazima tu."