Viktoria na Ukurasa wa Shakira

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, Viktoria alikunywa chai amesimama. Gari la kwenda mjini Arua halikuwa na subira. Aliniambia nisisahau mbuzi, akaenda. Kesho yake aliugua ghafla, akalazwa, hakurudi tena nyumbani. Lakini siku ile alikuwa mzima, na mwenye haraka.

Alikuwa mke wangu. Zamani alipiga taipu ofisini Koboko. Alipostaafu tulilima kijijini Lurujo, lakini vidole havikusahau. Night, mwalimu kijana, alipowaita wanawake kwenye warsha Arua, naye Viktoria akaenda.

Night aliwaambia hivi: kuna ensaiklopidia kwenye mtandao, watu wa kawaida ndio wanaiandika. Wanaume wa huku wamo, hasa wanajeshi. Wanawake karibu hakuna. Basi wakae pamoja, wawaandike.

Viktoria akamchagua rafiki yake Shakira, aliyeendesha lori la mizigo kupitia mpakani Vurra hadi Congo, wakati ambapo huku hatukuwa tumeona mwanamke kwenye usukani wa lori. Mimi sikusoma, basi akanisomea habari aliyoandika. Niliona nzuri. Ilianza na baba yake, ukoo wake, mume wake askari, watoto wote kwa majina, na namna anavyopenda wageni. Lori lilikuja mwishoni. Huku kwetu ndivyo tunavyoandika. Historia ya mtu inasomwa siku ya kumzika.

Wasimamizi wa ensaiklopidia wakaufuta ukurasa. Walisema ni sifa tupu, tena hakuna gazeti la kushuhudia.

Shakira naye akasikia habari. Akaja kwetu, akakataa kiti.

"Mama Pitia," alimwambia Viktoria kwa jina la mtoto wetu, "wewe nazika mimi?"

"Nani nasema nazika?"

"Baba, ukoo, watoto, yote umesoma. Sasa imebaki nini? Sanduku?"

Nilicheka. Akanigeukia.

"Na wewe, Mzee, nacheka nini? Shimo iko tayari?"

Akamkataza Viktoria asimwandike tena. Kufutwa kwa ukurasa hakukumsumbua Viktoria, alitaka rafiki yake awemo. Asubuhi akaenda kwa Shakira, nami nikamfuata.

"Hii si ya maziko," alimwambia. "Watoto naacha. Nataka lori."

"Lori tu?"

"Lori tu."

Shakira akavuta kiti. "Basi andika breki ilikatika pale Vurra, mimi nasimamisha na gia."

"Gazeti iliandika?"

"Gazeti ilikuwa wapi? Ilikuwa mimi na mihogo!"

"Basi haiingii."

"Kazi gani hii, ya kukataa kweli?" Shakira akasonya. Kisha akasema, "Haya. Andika."

Night alitafuta mpaka akapata magazeti mawili ya zamani yaliyomtaja Shakira. Kwa hiyo asubuhi ile ya chai, Viktoria alikuwa anakwenda kuurudisha ukurasa, safari hii umeanza na lori, na magazeti yametajwa chini.

Alirudi jua likizama, akadai chakula kabla sijauliza. Alikula vizuri. Akaniambia kwamba msimamizi ameusoma ukurasa wote, amesahihisha kidogo, akauacha. Shakira amepigiwa simu, anatangazia soko zima.

Nilimuuliza kama amechoka. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akasema:

"Mzee, kesho niamshe mapema. Ya Shakira imekaa. Wanawake bado iko wengi."