Pazia la Maganda ya Mgomba

Nilijiunga na darasa la sanaa nikiwa na miaka arobaini na saba. Kabla ya hapo nilikuwa nimejisomea peke yangu, kwa vitabu vilivyokosa majalada nilivyovinunua nyuma ya stendi ya Embu, nikivisoma kwenye bucha ya kaka yangu kati ya mteja mmoja na mwingine. Chuo chenyewe kiko juu ya mji, kwenye barabara ya Manyatta, mahali ambapo ukungu hufika mapema na huchelewa kuondoka. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Wengine wote walikuwa na umri wa watoto wangu, na kufikia wiki ya pili walikuwa wameshanipa jina: mzee wa matumbo.

Jina hilo lilikuwa na sababu. Kazi yetu ya mwaka ilikuwa kutengeneza kitu kinachopitisha mwanga, kwa vifaa visivyopungua vitatu ambavyo havikuumbwa kwa ajili ya sanaa. Mimi nilichagua vibofu vya ng'ombe, waya, na vipande vya pembe nilivyovikwangua hadi vikawa vyembamba kama ukucha. Kibofu kikioshwa, kikajazwa hewa na kukaushwa, hupitisha mwanga wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Niligundua hivyo kwa bahati, nilipoona kimoja kimesahauliwa kwenye dirisha la bucha asubuhi. Kaka yangu alivitazama vibofu vilivyoning'inia akaniuliza, "Na hizo taa utamuuzia nani, malaika?" Wateja walicheka. Mimi niliandika kwenye daftari langu unene wa kila kibofu na saa zilizochukua kukauka.

Ili vibofu visioze nilivitia chumvi. Mtu wa bucha hahitaji kitabu kumfundisha hilo. Ngozi zote tunazomuuzia mnunuzi wa ngozi hutiwa chumvi, hukunjwa, na hukaa. Nilijaribu Januari, jua likiwa kali, na vibofu vilikauka vikawa vigumu na safi. Niliandika: chumvi inafaa.

Msichana aliyekaa meza ya mbele yangu alitoka Muthara. Alikuwa na miaka ishirini, mdogo kuliko wote, na alikuwa amelelewa na mjomba wake, mfanyabiashara wa miraa. Mjomba alikubali asome mwaka mmoja kwa sharti moja, na msichana alilitaja sharti hilo mara nyingi kiasi kwamba darasa zima lililijua: kazi ya mwisho ikipita, anaendelea mwaka wa pili, isipopita, anarudi Muthara kukaa dukani kwa mjomba, na habari ya sanaa imekwisha.

Kazi yake ilikuwa pazia lenye urefu wa mlango. Alichukua mabati ya zamani akayatoboa kwa msumari, mamia ya matundu, kisha akapitisha kwenye matundu hayo nyuzi za maganda ya mgomba, yale yale wanayofungia miraa kwao. Kati ya nyuzi alishikiza vipande vya chupa ya kijani. Jua lilipopita, sakafu ya darasa ilijaa madoa ya mwanga yaliyotikisika, na ungeapa umesimama chini ya miti. Nilisoma kuhusu uzuri kwa miaka ishirini na sikuwahi kuwa karibu nao kiasi kile. Jambo hilo halikunifurahisha. Ninaliandika hapa kwa sababu ni sehemu ya hesabu.

Pazia lake lilikuwa na ugonjwa mmoja. Maganda yakikauka sana yalikatika, kwa hiyo kila asubuhi aliyanyunyizia maji, kama wanavyofanya wenye miraa. Siku ya maonyesho asingeweza kusimama hapo na chupa ya maji. Akanijia.

"Baba," alisema, yeye peke yake hakuniita mzee. "Wewe ndio unajua vitu za kukauka na kuoza. Nifanye nini hizi zisikatike?"

"Loweka kwa maji ya chumvi. Kikombe kimoja kwa ndoo. Yatakaa laini bila kuoza."

Alisita. "Huko kwetu hakuna mtu anaweka chumvi kwa maganda."

"Huko kwenu mnafunga miraa. Hapa tunafanya sanaa."

Wawili waliokuwa karibu walicheka, mmoja akasema, "Budaa amekumaliza!" Msichana naye alicheka kidogo, kwa adabu. Kuanzia wiki hiyo alilifungua pazia lote, uzi baada ya uzi, akaloweka, akalisuka upya. Ilimchukua siku kumi na mbili. Maganda yalikaa laini kweli. Alinishukuru mbele ya watu.

Kisha Julai ikaingia na manyunyu yake. Jumanne moja, siku nane kabla ya maonyesho, niliamka nikakuta vibofu vyangu vimelegea. Matone yalikuwa yamekusanyika chini ya kila kimoja, na nilipoonja, yalikuwa ya chumvi. Nikaelewa mara moja. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye hewa. Kwenye ngozi iliyokunjwa ghalani hakuna anayejali, kwa sababu ngozi haitakiwi kupitisha mwanga. Januari haikuwa imenifundisha kitu; ilikuwa tu kavu.

Nilifunga mlango nikaanza kazi. Niliosha kila kibofu kwa maji sita, nikiyabadilisha kila mara hadi chumvi ikaisha, nikakijaza hewa upya, nikakikausha juu ya jiko la makaa kwa mbali, nikikigeuza kila nusu saa. Siku ya nne vilikuwa bora kuliko mwanzo.

Katika siku hizo nilimwona msichana darasani mara tatu. Pazia lake lilikuwa limefunikwa kwa turubai kwenye kona kavu, na yeye alikuwa hajui lolote. Nilipiga hesabu: kufungua, kuosha, kukausha, kusuka. Siku kumi na mbili zilezile. Nikajiambia hakuna muda tena, kumwambia kutamvunja tu moyo. Lakini Jumanne ile nilikuwa bado sijapiga hesabu hiyo. Jumanne nilinyamaza tu. Na angeweza kuosha nusu ya pazia. Nusu ingetosha.

Siku ya maonyesho kazi zilipangwa kwenye veranda inayotazama mashariki. Ukungu ulikuwa umekaa tangu alfajiri. Alipofunua turubai, nyuzi zilikuwa zimelala, nyeusi, zimejaa maji. Mabati yalikuwa yameshika kutu, na kutu ilikuwa imeteremka juu ya vipande vya kijani kwa mistari ya kahawia. Jua lilipotokea kwa dakika chache halikupita hata kidogo.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa ulimi mkali na aliupenda. Alizunguka pazia mara moja. "Hii ni nini? Pua ya mtoto mwenye mafua?" Watu wakaangua kicheko. Mjomba alikuwepo, amevaa koti jeusi la ngozi, ametoka Muthara asubuhi ile kwa pikapu yake. Aligusa uzi mmoja, akalamba kidole.

"Chumvi," alisema. "Ulikuwa unachora ama ulikuwa unapika?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu akakunja uso. "Nani alikuambia utie chumvi kwenye bati? Hata mtoto wa nasari anajua."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Wale wawili waliocheka siku ile walinitazama, kisha wakatazama viatu vyao.

"Ni mimi niliamua," msichana alisema.

Mwalimu aliandika kwenye karatasi yake, neno fupi, akasogea kwenye kazi yangu. Alisimama muda mrefu mbele ya vibofu. Aliwaita wengine waje waone jinsi mtu mzima anavyofanya kazi kwa subira, jinsi anavyokijua kifaa chake. Nilijibu maswali yake yote. Alipouliza nilivikausha vipi katika hali ya hewa kama hii, nilimweleza kuhusu maji sita na jiko la makaa, na nilipokuwa nikieleza niliona msichana ameinua kichwa.

Baadaye, watu walipokwenda kunywa chai, alinijia. Hakuwa analia.

"Baba, ulijua lini?"

"Jumanne."

"Hii ya jana?"

"Ile nyingine."

Alihesabu kwa vidole, ubavuni, kama mtu asiyetaka kuonekana akihesabu. Kisha akaniomba nimshikie pazia upande mmoja, kwa sababu lilikuwa zito na mjomba alikuwa anaharakisha.

Tulilibeba hadi kwenye pikapu. Tulipoliinamisha maji yake yalinimwagikia kwenye shati. Mjomba alilitupa nyuma, juu ya magunia, na vipande kadhaa vya chupa vikavunjika. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Asante, mzee. Angalau hapa kuna mtu mzima. Hebu mwambie huyu, pengine wewe atakusikia. Mwambie hii kazi si ya kila mtu."

Msichana alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, anangoja. Alikuwa hajamwambia mjomba neno. Angeweza. Alinitazama usoni kuona nitasema nini, na nafikiri hadi dakika ile alikuwa bado ananipa nafasi.

"Msikilize mjomba wako," nilisema.

Akaingia garini, akavuta mlango. Mjomba alipunga mkono dirishani. Nilirudi kwenye veranda, ambako mwalimu alikuwa ananingoja nitie sahihi fomu ya mwaka wa pili. Nikatia.