Masaa Mawili Pungufu Kutoka Maskati

Asubuhi ile nilitoka Lushoto kwa miguu, begi begani, bila kujua naenda wapi. Tabia iliyonitoa shule mapema ndiyo hiyo: nikiona njia inakata kona, lazima nijue mbele yake kuna nini. Lori la kabichi lilinisogeza kipande, na mchana nikajikuta Bumbuli, mahali ambapo sikuwahi kufika.

Niliingia mgahawani kwa mama mmoja wa makamo, nikamwamkia, nikaagiza chai. Aliitikia marahaba huku akivikagua viatu vyangu.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Natembea tu."

"Mwanaume mzima unatembea tu?"

Lakini aliponiona nasoma gazeti lililofungiwa maandazi, akaleta karatasi na simu. Karatasi ilikuwa tiketi ya bintiye alipokwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Kwenye simu kulikuwa na picha ya tiketi ya kurudi, iliyotumwa na wakala. Ndege ilikuwa ya kesho, na jioni ile binti alitakiwa kuondoka kwa tajiri wake.

"Kwenda, iliondoka Dar saa kumi alfajiri, ikafika saa nne asubuhi. Masaa sita. Kurudi, inaondoka saa tatu asubuhi, inafika saa saba mchana. Masaa manne! Sisi huku kushuka Mombo ni upesi, kurudi kupanda ndiko tunakochelewa. Hii inarudije nyumbani upesi kuliko ilivyokwenda?"

Akaigonga simu kwa kidole. "Hii imechorwa na mtu asiyeijua njia. Mwanangu akitoka kwenye ile nyumba, akafika uwanjani akaambiwa jina lake halimo, atalala wapi? Namwambia asitoke."

"Na asipotoka?"

"Tajiri amesema hamkatii nyingine."

Wakala hata mimi sikumwamini. Ila zile saa zilinisumbua. Nikamwomba ampigie binti, amuulize tu huko ni saa ngapi.

Akapiga, akahamia Kishambaa ili tajiri asielewe. Mimi pia sikuelewa. Mara akafunika simu kwa kiganja.

"Anasema saa kumi na nusu. Hapa ni tisa na nusu. Amechanganyikiwa?"

"Kule jua linawahi kuchomoza, mama. Saa zao ziko mbele kwa saa moja. Ile tiketi ya kwenda imejiongezea hiyo saa, ya kurudi imeipunguza. Angani ni masaa matano kwenda, matano kurudi."

Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. "Kwa hiyo tiketi ni ya kweli?"

"Masaa yake ni ya kweli. Wakala simjui. Mwambie apigie simu ofisi ya ndege, awasomee namba ya tiketi kabla hajatoka."

Nilikuwa kwenye chai ya pili simu ilipolia. Jina lilikuwemo. Binti alikuwa anafunga sanduku.

Mama hakutabasamu. "Wewe mambo ya Maskati umeyajuaje, na kufika hujafika?"

"Niliwahi kukaa na mabaharia Tanga. Kila mmoja saa yake ilisema lake."

Alinitazama mpaka nikaacha kutafuna.

"Kuna chumba huko nyuma," akasema. "Utalala hapo, sitaki hela yako. Kesho saa saba mchana mwanangu asiposhuka Dar, wewe ndiye utakayenieleza."

Akalibeba begi langu, akaliingiza chumbani kwake, akafunga kwa kufuli.